Karata ya Maji Kupwa

Jumatatu, 7 Machi 1955

Kanzu mbili zimekwisha. Ya tatu nimeikosea ukosi, nikaufumua, nikautia tena. Cherehani inalia kama mbuzi na mafuta hakuna dukani. Pate hii ukitaka tumbaku utapewa mzigo, ukitaka tone la mafuta ya cherehani ungoje mtu aende Amu, hiyo Lamu ya ramani za serikali.

Baada ya magharibi tulicheza ule mchezo wangu wa vita. Nimemshinda Shee mara ya tatu mfululizo. Yeye ni kaka yake Mwanaesha, mke wangu. Analima tumbaku, hodari shambani, mwepesi wa kusaidia watu, lakini kushindwa hakukubali. Leo amesema ubao umepinda. Ubao ni mlango wa zamani wa banda la mbuzi na haukupinda hata kidogo. Kilichopinda ni roho yake.

Naandika kanuni hapa, nisije nikaambiwa nimezibadilisha. Vifungo thelathini vyeupe ni Amu, navyo vyachezwa na mimi kwa sababu mimi ni Mwamu. Vifungo thelathini vyeusi ni Pate, vya Shee. Nimechora pwani ya Shela kwa chaki na bahari ni kipande cha kaniki. Kila zamu mtu anarusha dadu mbili, asogee kwa hesabu iliyotoka. Wakikutana maadui, kila mmoja anarusha moja, mwenye ndogo anatoa kifungo. Tena kila zamu, kabla ya kurusha, mtu anavuta karata. Ziko karata arobaini, nimezikata kwenye maboksi ya sabuni: Baruti Imelowa, Homa Kambini, Msaada wa Siyu, na nyinginezo. Na iko moja ya Maji Kupwa. Ikitoka hiyo, vyombo vyote vya Pate vilivyo ufukweni vinakaa mchangani, na kila kifungo cheusi kisichowahi kurudi majini zamu ile kinatolewa.

Ndivyo ilivyokuwa zamani, babu zao walipokuja kutupiga pale Shela: maji yakapwa, vyombo vyao vikakwama. Kila mtoto wa visiwa hivi anajua. Sikutunga mimi.

Mchezo wenyewe niliuona vitani Burma. Nilikuwa fundi wa sare. Jioni maofisa walicheza vita mezani, juu ya mchanga, kwa dadu. Mchana vijana wanakufa, jioni wenyewe wanarusha dadu na kucheka. Niliuchukia mchezo ule. Niliupenda pia.

Jumatano, 9 Machi 1955

Shee amekuja na hoja. Ati Maji Kupwa itolewe.

Anasema ni tusi. Mji wa Pate haufikiki ila mtu angoje maji. Mtoto wa hapa, hajajua kufunga kikoi, anajua maji yako wapi na yatarudi lini. "Nyinyi Waamu chombo chafika mpaka mlangoni, maji mwayajulia wapi? Leo sisi ndio twasahau maji!"

Nikamwambia kusahau wamesahau, mifupa yao iko Shela mpaka leo, aende akaiulize. Akasema habari hizo tumezisimulia sisi Waamu na mshindi hasimulii ubaya wake. Nikamwambia mshindwa naye hana la kusimulia. Akaanza kuokota vifungo vyake. Nilifurahi sana. Kisha nikamsikia Mwanaesha akicheka huko ndani, sikujua anamcheka nani, furaha yote ikaniisha.

Sitatoa karata. Mchezo ni wangu. Akitaka wa kwake atunge.

Alhamisi, 10 Machi 1955

 Naandikia kibandani pangu pa kushonea na hapa ndipo nitakapolala.

Tulianza vizuri. Mwanaesha alikaa nasi, anashona kofia. Shee alicheza vizuri kuliko siku zote, haki yake nitampa. Alishusha vifungo ishirini na viwili ufukweni, mimi nimebaki na kumi na kimoja.  Zamu yake akavuta karata, akaitazama. Nikajua ni Maji Kupwa. Uso wake ulijaa damu.

Hakuiweka chini. Aliikunja mara mbili, akaitia mdomoni. Akaitafuna! Mtu mzima, baba wa watoto wanne, ananitazama machoni huku anatafuna karata yangu kama anatafuna tumbaku yake.

Nikasimama. Nikasema, "Toka! Toka nyumbani mwangu!"

 Shee akaacha kutafuna. Akainuka polepole, akatoka, hata viatu akaviacha. Mwanaesha akaweka kofia chini, akaweka na sindano juu yake. Akauliza, "Nyumba yako ni ipi, Lali? Nionyesha."

Aliniita kwa jina. Tangu harusi huniita Bwana.

Sikuwa na la kumwonyesha. Nyumba ile baba yake aliijenga kabla sijamposa. Ndivyo tunavyofanya wote, Pate na Amu: binti hupewa nyumba, mume huja na sanduku lake. Mimi nilikuja na sanduku na cherehani. Mwanamume wa nti hii ya visiwa hana mlango wa kumtolea mtu. Tena nyumba ya baba yetu kule Amu anayo dada yangu, na mumewe angethubutu kuniambia mimi toka ningemvunja meno. Haya yote nayajua toka utotoni. Yaliniponyoka.

Akasema, "Umemtoa kwangu, utamrejesha kwangu. Kwa mkono wako. Mpaka siku hiyo usinibishie hodi."

Nikachukua sanduku. Nimesahau kofia, nimesahau wembe. Nimechukia. Aliyetafuna karata ni yeye, anayelala nje ni mimi.

Ijumaa, 11 Machi 1955

Nimeamka na shauri moja: Amu. Nikae kwa dada yangu wiki mbili, wanitafute.

Nikafunga mzigo. Nikatembea kifua mbele mpaka pwani. Maji hakuna. Yameondoka na alfajiri mimi bado naikunja shuka. Tope mpaka macho yanapoishia, mashua zimelala ubavu, na kaa wanatembea. Mwenye mashua alikuwa anatengeneza tanga, hakuinua hata kichwa. "Ngoja maji, fundi. Alasiri."

Mtu hawezi kuondoka Pate kwa hasira. Hilo nimejifunza leo. Amu unapanda chombo na hasira yako ingali moto, ukifika ng'ambo bado inafuka. Hapa unaketi juu ya sanduku lako, jua la utosini, na mji mzima unakupita. Wanaokwenda shamba wanakusalimu. Wanaorudi shamba wanakusalimu tena. Kila mmoja anajua. Wa kwanza aliniambia hasira hasara. Wa pili aliniambia hasira hasara. Nani asiyejua methali hiyo? Mwenye kuisema ni yule asiyekuwa na hasira.

Shee naye akapita, mzigo wa tumbaku kichwani, miguu mitupu. Hakunisalimu. Sikumsalimu. Lakini alitazama tope, akanitazama mimi, akatazama tope tena. Wallahi ningalikuwa na jiwe.

Nikaenda kuswali Ijumaa. Nikarudi. Maji yalipojaa, mwenye mashua akaniita, nami nikawa sisimami. Nilikuwa nafikiri dada yangu atauliza nini, na nitamjibu nini. Nimemfukuza nani, kutoka nyumba ya nani? Angenicheka mpaka majirani waje. Nikajitwika sanduku, nikarudi kibandani. Mwenye mashua alisema kitu, wenzake wakacheka.

Jumamosi, 12 Machi 1955

Meza ya kukatia ni fupi. Nikinyoosha miguu kichwa kinaning'inia, nikikaza kichwa miguu inaning'inia. Mbu wamenimaliza.

Adhuhuri alikuja Bi Saumu, jirani yetu, ajuza wa kila nyumba. Ameleta sinia limefunikwa kawa. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, achari ya ndimu ile niipendayo. Nikamwuliza, Mwanaesha kasema nini? Akajibu, hakusema neno, bwanangu, amesema kawa lirudi.

Ananifukuza, kisha ananilisha. Nimechukia. Nimekula chote.

Jumapili, 13 Machi 1955

Balaa jingine. Karani wa forodha ananidai mashati mawili, anasafiri kesho. Mashati tayari, vifungo hakuna. Vyeupe vyote thelathini ni jeshi la Amu, navyo viko ubaoni, nao ubao uko kwa Mwanaesha.

Nikamtuma Bi Saumu. Nikamwambia aseme kwa adabu: fundi anaomba vifungo, ni kazi ya watu. Akarudi na fundo la kitambaa. Nikafungua. Vyeusi. Vyote vyeusi, thelathini kamili.

Bi Saumu akatoa ujumbe akitazama pembeni: "Amesema wale weupe wamefungwa. Hawatoki mpaka sulhu."

Huyu ni mwanamke au ni liwali? Nimeshonea vifungo vyeusi kwenye mashati meupe. Karani ameyatazama kama nimempa sanda. Amenipa maneno ambayo hata Burma sikuyasikia, nami nikayameza kwa sababu ana haki.

Jumanne, 15 Machi 1955

Nimekwenda shambani kwa Shee. Mwenye haja ni mimi.

Nilimkuta anafunga tumbaku na jembe kuukuu ubavuni. Nikampa salamu kamili, akaijibu kamili. Nikasema nimekuja kukurejesha nyumbani kwa ndugu yako. Nilifikiri itatosha. Akaendelea kufunga. Akafunga mzigo wa kwanza, akafunga wa pili. Kisha akasema anayo masharti. Karata ya Maji Kupwa isiandikwe tena. Na mimi niseme mbele ya Mwanaesha kwamba babu zao hawakukwama kwa ujinga.

Nikamwambia nitaomba radhi kwa kumtoa, hilo kosa langu, limekwisha. Kwa karata radhi ataiomba yeye kwani aliyeila ni yeye. Na ya babu zake, mimi siwezi kuyabadili. Vyombo vilikwama au havikukwama?

"Vilikwama."

"Basi?"

"Basi wewe hujui kwa nini, na hutaki kuuliza."

Nikamwita punda. Nimelisema. Lilitoka kubwa, na wakulima wa pembeni wakainua vichwa. Akasema, "Haya, shemeji, punda ana kazi," akageuka.

Nimerudi ndia nzima nasema peke yangu. Yule mtu ananiudhi kuliko Wajapani. Wale angalau ulikuwa unaruhusiwa kuwapiga.

Alhamisi, 17 Machi 1955

Mji mzima ni watu wa Pate. Mwamu ni mimi peke yangu. Miaka sita nimekaa hapa, nimewashonea harusi zao na maulidi yao, sikuliona hilo mpaka juzi.

Leo sokoni nimeulizwa mara nne, "Fundi, maji yakoje?" Ya kwanza nikacheka. Ya pili nikageuza uso. Ya nne damu ikapanda. Nikasimama katikati ya wauza samaki nikapaza sauti, kama kuna mwanamume baina yao aje kwangu arushe dadu na mimi, ubao nitachora mwingine na dadu hazina upendeleo, tuone nani anajua maji na nani hajui! Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Dadu, fundi?" Nikasema ndiyo, dadu, mnaogopa?

Nilijisikia vizuri mpaka nilipofika kibandani. Kisha sikujisikia vizuri.

Sinia limekuja. Pweza. Kawa limerudi.

Ijumaa, 18 Machi 1955

Baada ya swala Maalim Bakari aliniita kando. Huyu ndiye anayetuswalisha, na ndiye aliyewasomesha watu wote wa mji huu Kurani, Mwanaesha na Shee wakiwamo. Sauti yake ni ndogo, na akiishusha zaidi ujue umekwisha.

Amesikia nina dadu. Amesema dadu zimekatazwa, hata pasipo fedha, na watu wa mji wameanza kuuliza kwa nini fundi wa kanzu za kuswalia anazo. Kesho alasiri niende barazani pa msikiti, nizipeleke, nieleze. Nisipofanya hivyo atawaambia watu wasinipe nguo. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

Mwezi wa Ramadhani umekaribia. Kanzu za Idi ndizo kazi yangu ya mwaka. Nisipopewa nguo sina kazi Pate. Nisipokuwa na kazi itabidi nirudi Amu, na nikirudi Amu nitarudi peke yangu. Mwanaesha haachi nyumba yake. Hakuna mwanamke wa hapa anayeacha nyumba yake akamfuate mtu kwa dada wa mtu. Kwa hiyo hii si habari ya vifungo tena. Nitampoteza mke wangu kwa ajili ya mchezo.

Na aliyenisemea namjua. Shee. Nani mwingine anayejua dadu zile? Amekaa nami sakafuni miezi saba akizirusha, akikohoa ndani ya ngumi zake apate sita, na leo amekwenda kwa Maalim. Kula karata nilisema ni utoto. Hili ni la kuua. Sitaki kumwona tena. Nikimwona nitamshika koo.

Jumamosi, 19 Machi 1955

Nitaandika kama ilivyokuwa, hata ile inayoniuma.

Nilikwenda mikono mitupu, dadu ziko kwa Mwanaesha. Barazani walikuwapo watu kumi na zaidi. Maalim akaniuliza dadu ziko wapi. Kabla sijafungua mdomo, Shee akatokea kwenye kichochoro, miguu mitupu vile vile, viatu vyake hajaenda kuvichukua. Akafungua kiganja. Dadu zangu mbili, za mfupa, nilizochonga mwenyewe. Baadaye nilijua kwamba Mwanaesha amempelekea asubuhi, kwa mkono wa Bi Saumu.

Akasema, "Maalim, hizi ni zetu. Nusu yangu."

 Akaendelea. Akasema amezirusha miezi saba, pengine kuliko mimi. Haikuwekwa hata senti, hata tende. Kama kuna dhambi igawanywe, na kama fundi hatapewa nguo basi na yeye tumbaku yake isinunuliwe. Akasema, "Huyu ni mume wa ndugu yangu. Hana mtu hapa ila sisi. Hatukai barazani tukamhukumu peke yake."

Nilitazama chini. Sikuweza kutazama pengine.

Maalim akazitazama dadu kiganjani mwa Shee. Akasema kamari haikuwapo, amelikubali hilo, na hakuna atakayenyimwa nguo wala tumbaku. Lakini dadu ni dadu. Zikatupwe baharini, sasa hivi, na wote wawili. Karata hakuzitaja. Mimi sikumkumbusha.

Kisha akaniambia mimi, kwa ile sauti yake ndogo, "Na ukitaka siri, fundi, usiitangaze kwa wauza samaki."

Mimi mwenyewe. Ni mimi niliyepiga kelele sokoni. Hakunisemea mtu. Tangu jana namlaani Shee, na mdomo uliofanya kazi ni wangu.

Tukaenda pwani. Maji yalikuwa yanatoka, tukalazimika kuyafuata. Tope la magoti, baina ya mikoko, mimi mbele yeye nyuma. Kiatu changu kimoja kimebaki huko chini. Tulipopata maji ya kiunoni kila mmoja akatupa dadu moja. Yangu sikuona imeangukia wapi. Tukarudi vile vile, tukiwa na tope mpaka mapajani, na watu waliosimama pwani wakitutazama.

Jumapili, 20 Machi 1955

Nina hasira kuliko siku zote. Afadhali angalinisemea. Mtu aliyekusemea unajua la kumfanya.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali haisemi ufanyeje ikiwa rafiki mwenyewe amekula karata yako, na wewe umemwita punda.

Jumatatu, 21 Machi 1955

Nilimfuata shambani mapema. Nikamwambia kabla ya salamu, nisije nikabadili nia: nilikosa kwa kukutoa, nilikosa kwa kukuita vile, nilikosa kwa kukudhania kuwa umenisemea kwa Maalim. Hilo la tatu hakulijua. Ilibidi nimweleze, na kueleza ni kubaya kuliko kukosa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha nikamwuliza. Sikutaka, lakini nilimwuliza. Babu zenu walikwama kwa nini?

Akachukua kijiti akachora pwani mchangani. Akasema walijua maji. Kila nahodha alijua. Lakini walikuja kupiga wakapigwa, na waliona aibu kurudi vyomboni mapema, mbele ya watu. Wakasema zamu moja zaidi. Moja zaidi. "Haikuwa kusahau. Walikuwa na hasira, maji hayangoji hasira."

Nilitaka kumpiga. Nilijua ananisema mimi na sanduku langu. 

Akasema, maji si karata. Karata ni bahati, na maji hayana bahati, yana saa yake. Basi tuifute karata ile kabisa, tuweke kifungo pembeni mwa ubao, kisogee kila zamu: zamu sita maji yajaa, zamu sita yapwa. Kila mtu anaona. Vyombo vya Amu navyo vikae chini ya kanuni hiyo hiyo. Hapo atakayekwama, amekwama kwa kichwa chake na dunia nzima imemwona.

Kanuni nzuri. Nzuri kuliko ya kwangu, nzuri kuliko ya maofisa wa Burma. Nilikasirika kwa jinsi ilivyo nzuri. Nikatafuta kasoro njia nzima. Na mahali pa dadu nimesema tuandike karata ndogo sita, moja mpaka sita, zichanganywe kila mara. Yeye kakubali upesi. Anafikiri karata hazitanipenda mimi zaidi yake. Tutaona.

Mwanaesha alisema kwa mkono wangu, na mwanamke yule neno lake hulipunguzi. Nikamshika Shee mkono. Tukapita sokoni hivyo, tumeshikana, mmoja kiatu kimoja, mmoja hana hata kimoja. Wauza samaki wakaulizana kama tumefungwa. Nikawaambia waulize maji yakoje. Hawakuuliza.

Nikabisha hodi. Miaka sita sijabisha hodi kwenye mlango ule.

"Nani?"

"Lali. Na Shee."

 Nikasikia anasogea, komeo la mlango likagonga, hakufungua. "Mwaja nyumba ya nani?"

Shee akanitazama. Alikuwa anakaza midomo asicheke. Nikasema, "Nyumba ya Mwanaesha. Tumekuja kuomba kuingia."

"Karibuni," akasema, na akafungua. Alimtazama Shee kwanza. Kisha akatazama miguu yangu, akaenda kuleta maji.

Jumanne, 22 Machi 1955

Kanzu moja imekwisha. Mashati ya karani yamerudi kutoka Amu, nimefumua vyeusi, nimeshona vyeupe. Weupe ishirini na wawili waliobaki wamerudi ubaoni, wamepunguka.

Mvua inataka kunyesha. Shee hakuja, anafunika tumbaku.

Jioni niliona mlango wa nje umelegea. Bawaba ya chini, msumari umeliwa na kutu. Siku zote ningechukua nyundo nikapiga tu. Leo nilisimama. Nikamwuliza Mwanaesha kama naweza kuutengeneza.

Alikuwa anapeta mchele. Aliniacha nikasimama kitambo, ungo mkononi.

"Nyundo iko pale unapoiweka siku zote, Bwana," akasema, akaendelea kupeta.